Nani Kafanya, Nani Anafuata: Polisi na Afya ya Jamii Mbele ya Ukatili

Saa nane za usiku kijana anaingizwa kwenye chumba cha dharura, amechomwa kisu ubavuni. Askari anafika na daftari lake na kuuliza: nani kakuchoma? Kijana anageuzia uso ukutani. Muuguzi anayesafisha kidonda anauliza mengine: ulikuwa wapi, saa ngapi, kisu cha namna gani, mlikuwa mmelewa? Hayo anayajibu, maana hayamtaji mtu. Nje kwenye korido wamekaa wenzake watatu, nguo zimeloa damu yake. Hao hakuna anayewauliza lolote, ilhali wao ndio wanaojua nani ataletwa hapa kesho kwa kisasi.

Mjadala wa kuzuia ukatili mara nyingi hupangwa kama mechi ya timu mbili. Upande mmoja wanataka askari zaidi, doria zaidi, vifungo virefu zaidi. Upande wa pili wanasema ukatili ni tatizo la afya ya jamii, ushughulikiwe kama unavyoshughulikiwa mlipuko wa kipindupindu. Kisha kila mtu anachagua timu kulingana na hulka yake, mkali huku, mwenye huruma kule. Nimefuatilia matokeo ya mipango ya pande zote mbili na sioni kwamba mpaka unapita hapo. Kinachozitenga ni swali la kwanza. Polisi huanza na “nani kafanya?” Afya ya jamii huanza na “nani anafuata?” Ukishajua mtu ameanzia swali lipi, unaweza kubashiri atahesabu nini, atamwajiri nani, taarifa zake atamficha nani, na siku gani atatangaza kwamba amefanikiwa.

Lugha yetu inasaidia hapa, kwa sababu ina kulinda na ina kukinga. Mlinzi husimama mlangoni akimtazama anayekuja. Anayekinga huweka kitu kati: unapokinga maji kwa ndoo chini ya paa linalovuja, hujui ni tone lipi litadondoka, ila unajua yanadondokea wapi. Kazi ya polisi kwa asili yake ni ulinzi, na ya afya ya jamii ni kinga. Kwa neno ukatili nitamaanisha mtu kumdhuru mwenzake kwa makusudi, iwe barabarani au chumbani, vita naviacha. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, watu wapatao 458,000 waliuawa kwa makusudi duniani mwaka 2021, na kwa kila aliyekufa wako wengi waliobaki na kovu.

Askari kando ya pampu

Ni makosa kudhani polisi waliundwa ili kukamata tu. London ilipoanzisha jeshi lake la polisi mwaka 1829 chini ya Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani, maelekezo ya kwanza kwa askari yalisema shabaha kuu ni kuzuia uhalifu. Njia yenyewe ilikuwa kuonekana: askari apite, mwenye nia mbaya aghairi. Imani hiyo ilidumu karibu miaka 150 bila kupimwa. Mwaka 1972 na 1973 jiji la Kansas City, Marekani, liliipima. Maeneo mengine doria za kawaida za magari ziliondolewa, mengine zikaongezwa mara mbili au tatu, mengine zikaachwa kama zilivyokuwa. Uhalifu haukubadilika kwa kiasi cha maana, na wakazi kwa jumla hawakugundua tofauti.

Pigo hilo liliwalazimisha watafiti wa polisi kuuliza upya. Mwaka 1989 Lawrence Sherman na wenzake walichapisha hesabu za jiji la Minneapolis: asilimia 3 tu ya anwani za jiji ndizo zilizotoa nusu ya simu zote za kuita polisi. Kona fulani, baa fulani, nyumba fulani. Doria iliyotawanywa jiji zima ilikuwa kama kumwagilia jangwa. Majaribio mengi yaliyofuata yameonyesha kwamba askari wakikazania mahali hapo pachache uhalifu hupungua, na kwa kawaida hauhamii tu kona ya pili. Philadelphia mwaka 2009 iliweka askari wa miguu kwenye mitaa iliyochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, na uhalifu wa kutumia nguvu ukashuka kwa asilimia 23 ukilinganisha na mitaa iliyokosa kura. Askari walipoondolewa, nafuu ikafifia.

Hapo polisi walikuwa wamefika, baada ya miaka 130 na zaidi, kwenye ramani ya daktari. Mwaka 1854 John Snow alichora vifo vya kipindupindu vya London vikizunguka pampu moja ya maji ya mtaa wa Broad Street. Ramani ni ileile, alama zimerundikana mahali padogo. Tofauti iko kwenye hatua inayofuata. Snow alishauri mpini wa pampu ung'olewe, ukang'olewa. Polisi wa maeneo sugu huweka askari kando ya pampu, na siku askari akihamishwa, pampu bado inatoa maji yaleyale.

Silaha ya pili ya polisi ni hofu ya kukamatwa. Utafiti wa miongo mingi umekuja na jibu ambalo wanasiasa hawalipendi: mtu huogopa zaidi uhakika wa kukamatwa kuliko urefu wa kifungo. Kuongeza miaka 10 kwenye adhabu ya kosa ambalo wanaokamatwa ni wachache hakumtishi anayejua kwamba hakamatwi. Sasa tazama uhakika ukikosekana. Marekani, takriban nusu tu ya mauaji ndiyo hufikia hatua ya mtuhumiwa kukamatwa. Familia inayozika mtoto wake bila kuona kesi ikifunguliwa hubaki na njia mbili, kuvumilia au kulipiza. Kwa hiyo upelelezi mzuri wa mauaji ni kinga kamili, na kwa maoni yangu ndiyo kinga bora kuliko zote zilizo mikononi mwa polisi, kwa sababu swali la “nani kafanya” likipata jibu mahakamani, “nani anafuata” nalo hupata jibu: hakuna.

Lakini upelelezi unahitaji mashahidi, na mashahidi ndio wanaopotezwa na polisi wanaosomba watu ovyo. Polisi wa New York walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000 mwaka 2011 katika sera ya kusimamisha na kupekua. Karibu 9 kati ya kila 10 hawakukutwa na kosa lolote, na wengi mno walikuwa vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini. Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba namna sera hiyo ilivyotekelezwa ilivunja katiba. Upekuzi ukaporomoka hadi chini ya 50,000 mwaka 2014. Walioonya kwamba mauaji yangelipuka walikosea: yalikuwa 515 mwaka 2011 na yakafika chini ya 300 mwaka 2017. Mimi sidai kwamba kuacha kupekua ndiko kulikopunguza mauaji. Ninachosema ni kwamba mamia ya maelfu ya vijana walidhalilishwa barabarani kwa manufaa ambayo hayakuonekana yalipoondolewa. Na kijana aliyepekuliwa mara kumi bila kosa hawezi kuwa shahidi mwepesi siku rafiki yake akipigwa risasi.

Daktari aliyekuwa meya

Kuuweka ukatili kwenye meza ya afya ni jambo la juzi. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliunda kitengo chake cha kuchunguza ukatili mwaka 1983. Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kwamba ukatili ni tatizo kuu la afya ya jamii, na mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti yake ya kwanza ya dunia nzima. Hatua zake ni zile za mlipuko wowote: hesabu, tafuta kinachoongeza hatari, jaribu, pima, kisha sambaza kilichofaa. Zinaonekana za kawaida kabisa. Lakini jiulize ni sera ngapi za usalama umewahi kusikia zikipimwa kabla ya kusambazwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Cali, Kolombia. Rodrigo Guerrero alikuwa daktari na mtaalamu wa epidemiolojia, elimu ya namna magonjwa yanavyosambaa, kabla ya kuwa meya mwaka 1992. Jiji lilikuwa makao ya genge kubwa la dawa za kulevya, na ilionekana dhahiri kwamba genge ndilo linaloua. Guerrero hakukubali hadi ahesabu. Aliwakutanisha polisi, waendesha mashtaka na wachunguzi wa maiti kila wiki ili wakubaliane juu ya kila kifo: nani, wapi, saa ngapi, kwa kitu gani. Sura iliyojitokeza ilikuwa nyingine. Vifo vilirundikana mwisho wa wiki, siku za mishahara na sikukuu. Sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa wamekunywa pombe. Na silaha mara nyingi ilikuwa bunduki. Akapiga marufuku kubeba bunduki siku hizo na kubana saa za pombe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba siku za marufuku kiwango cha mauaji kilikuwa chini kwa asilimia 14 hivi kuliko siku nyingine zinazofanana nazo.

Sasa uliza: ni nani aliyesimama barabarani kutafuta hizo bunduki? Polisi. Mpango unaotajwa kila mahali kama mfano wa afya ya jamii ulitekelezwa na askari. Daktari alibadilisha swali, na askari akapelekwa usiku tofauti, kona tofauti, kutafuta kitu tofauti. Ndivyo ilivyokuwa pia Diadema, karibu na São Paulo, Brazil, ambako mwaka 2002 baa ziliamriwa kufungwa saa tano usiku na mauaji yakapungua sana: sheria ya pombe iliyofikiriwa kama chanjo, ikasimamiwa kwa doria.

Cardiff, huko Wales, inafundisha jambo jingine, nalo ni nani anayejua. Jonathan Shepherd, daktari mpasuaji wa uso na taya, aliona kwamba sehemu kubwa ya watu aliowashona taya baada ya kupigwa hawakuwamo kabisa kwenye vitabu vya polisi. Hawakuripoti kwa kuogopa kulipiziwa kisasi, kwa kutotaka mambo yao yachunguzwe, au kwa kudhani haina faida. Kwa hiyo ramani ya polisi ilikuwa na mashimo makubwa. Hospitali ikaanza kukusanya kwa kila majeruhi mahali, muda na silaha, ikayapeleka hayo kwa polisi na halmashauri ya jiji kila mwezi. Doria zikahamishwa, baa zenye rekodi mbaya zikafuatwa, mpangilio wa mitaa ya starehe ukaangaliwa upya. Watafiti walilinganisha Cardiff na miji mingine 14. Waliolazwa kwa majeraha ya ukatili Cardiff walishuka kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi kwa kila wakazi 100,000, wakati katika miji mingine walipanda kutoka 5 hadi 8.

Kuna takwimu moja kwenye utafiti huohuo ambayo watu huiruka, na mimi naiona kuwa muhimu kuliko zote. Mashambulio madogo yaliyoandikwa na polisi wa Cardiff yaliongezeka, na kwingineko yakapungua. Anayeanza na “nani kafanya” angesema mpango umeshindwa. Ukweli unaelekea kuwa kinyume: askari walikuwa wanafika mapema, ugomvi ukiwa bado ngumi, na kuuandika kabla haujafika chupa iliyovunjwa. Takwimu za polisi hupima ukatili na juhudi za polisi kwa mkupuo mmoja, na huwezi kuvitenganisha bila daftari la pili, la hospitali.

Je, ukatili unaambukiza kweli?

Gary Slutkin ni daktari wa Chicago aliyefanya kazi ya kifua kikuu San Francisco, kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi Somalia, na UKIMWI akiwa na Shirika la Afya Duniani, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi alizozishughulikia. Aliporudi Marekani miaka ya 1990 alitazama ramani za mauaji ya Chicago na kusema amekwisha kuziona. Mwaka 2000 mpango wake ulianza West Garfield Park, mojawapo ya mitaa iliyokuwa na risasi nyingi zaidi jijini. Aliajiri watu waliowahi kuwa kwenye magenge, wenye heshima mtaani, kwa kazi moja mahususi: kusikia kisasi kinapopikwa na kwenda kukizima. Aliwachukua kama wahudumu wa afya wa kijiji wanavyochukuliwa kwenye mlipuko, kwa sababu mgonjwa humfungulia mlango mtu wa kwao.

Sharti la kazi hiyo linawakera wengi: wasuluhishi hawa hawawapi polisi taarifa. Wanaosikia hilo mara ya kwanza hudhani ni kuficha wahalifu. Lakini fikiria kiufundi. Taarifa inayowafikia ni ya kitu ambacho hakijatokea, na inawafikia kwa sababu moja tu, kwamba haitaishia kituoni. Ikijulikana kwamba iliishia huko mara moja, hawataambiwa tena, na korido ile ya hospitali itabaki kimya. Umbali wao na polisi ni kifaa cha kazi, kama glavu kwa muuguzi.

Kuhusu maambukizi yenyewe, ushahidi wenye nguvu ulichapishwa mwaka 2017. Andrew Papachristos na wenzake walifuatilia matukio 11,123 ya watu kupigwa risasi Chicago kati ya 2006 na 2014, na kukadiria kwamba asilimia 63 yalielezwa na kusambaa kutoka mtu hadi mtu ndani ya mtandao wa wanaofahamiana: rafiki yako akipigwa risasi, hatari yako hupanda katika miezi inayofuata. Na mtandao huo waliuchora kutokana na nini? Rekodi za polisi za watu waliokamatwa pamoja. Ushahidi bora wa hoja ya afya ulitoka kwenye makabati ya polisi.

Hata hivyo matokeo ya wasuluhishi hayalingani. Tathmini ya Chicago ilikuta risasi zimepungua kwenye baadhi ya maeneo. Baltimore, sehemu moja ilipata nafuu na nyingine haikupata. Pittsburgh, mpango wa aina hiyo haukupunguza mauaji, na mashambulio mengine yaliongezeka. Sishangai. Mpango unaotegemea heshima ya mtu mmoja mtaani hauwezi kunakiliwa kama kidonge, na wafanyakazi wake mara nyingi hupewa mikataba mifupi kwa kazi inayoua. Huko Baltimore watatu kati yao waliuawa kati ya Januari 2021 na Januari 2022. Jamii inayowatuma watu hawa mahali ambapo askari haendi bila fulana ya kuzuia risasi inawadai zaidi ya shukrani.

Tena, mfano wa ugonjwa una mpaka wake. Unafaa sana kwa kisasi, kwa sababu kisasi husafiri. Haufai kuelezea kwa nini mitaa fulani imekuwa na majeruhi wengi kwa vizazi vitatu. Ukisema “virusi” unaweza kusahau nani alipanga jiji, nani alinyimwa mkopo wa nyumba, nani aliuza bunduki. Virusi havina faida vinayoingiza, lakini muuza silaha anayo.

Mahakama isiyokuwa na kesi

Mipango miwili iliyonishawishi kwamba pande hizi zaweza kukaa pamoja haikuzaliwa hospitalini. Boston, miaka ya 1990, watafiti akiwemo David Kennedy walikaa na maofisa wa polisi na wafanyakazi wa vijana wakahesabu. Vijana wapatao 1,300, chini ya asilimia 1 ya rika lao, walihusika na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana jijini. Kuanzia 1996 wanachama wa magenge waliitwa kwenye vikao na kuambiwa mambo mawili kwa pamoja: kundi lolote litakaloua, kundi zima litabanwa kwa kila sheria iliyopo, na anayetaka kutoka, huyu hapa wa kazi, huyu wa shule, huyu mchungaji. Tathmini ilihusisha mpango huo na kushuka kwa mauaji ya vijana kwa asilimia 63. Karibu na mwaka 2000 waliouendesha walitawanyika, mpango ukaachwa, na mauaji yakarudi kupanda.

Scotland ilikuwa na waliouawa 137 katika mwaka wa 2004/05, wengi kwa visu na wengi Glasgow. Januari 2005 kitengo cha kupunguza ukatili kiliundwa ndani ya jeshi la polisi la Strathclyde, eneo lenye jiji la Glasgow, kikiongozwa na John Carnochan, mpelelezi wa mauaji, na Karyn McCluskey, aliyesomea uuguzi kabla ya kuwa mchambuzi wa polisi. Mwaka 2008 waliwaita vijana wa magenge kwenye mahakama ya Glasgow, siku isiyo na kesi. Askari aliwaonyesha picha zao. Daktari akaeleza kisu kinavyofanya usoni. Mama aliyefiwa akasimama na kusema. Kisha wakapewa namba ya simu ya kupiga anayetaka msaada wa kutoka. Ndani ya mwongo mmoja mauaji ya Scotland yalikuwa chini ya nusu ya yale 137.

Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa afya dhidi ya polisi, na huko ni kuipunja. Kitengo kilikuwa cha polisi. Katika miaka hiyohiyo Scotland ilikuwa ikipekua vijana barabarani kwa kiwango kikubwa kuliko England, na kifungo cha juu cha kubeba kisu kiliongezwa kutoka miaka 2 hadi 4. Mauaji yalishuka pia katika nchi nyingine nyingi za Ulaya. Ni kipi kilichofanya kazi, na kwa kiasi gani, hakuna jaribio lililotenganisha. Ninachokiona bila shaka ni kwamba maofisa walianza kuuliza “nani anafuata” huku wakiwa bado wameshika pingu.

Mlango uliofungwa

Mengi ya yaliyotangulia ni ya wanaume barabarani. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba asilimia 56 ya wanawake wanaouawa kwa makusudi huuawa na wenzi au ndugu zao. Kwa wanaume ni asilimia 11. Doria haipiti chumbani. Msuluhishi wa genge hajulikani huko.

Polisi walijaribu. Minneapolis, 1981 na 1982, Sherman yuleyule alifanya jaribio: waume waliokamatwa walirudia kupiga kwa nadra kuliko waliotenganishwa na wake zao kwa muda au kupewa ushauri. Majimbo mengi yakaharakisha sheria za kukamata. Majaribio ya marudio kwenye miji mingine yalileta majibu yanayopingana, na Milwaukee kukamatwa kuliongeza vipigo kwa wanaume wasio na ajira. Mtu asiye na cha kupoteza harudi nyumbani ametulia. Sisemi asikamatwe. Mwanamke anayepiga simu usiku anahitaji mtu wa kumtoa yule mwanamume ndani sasa hivi, na hakuna mhudumu wa afya anayeweza kufanya hivyo. Nasema kumkamata bila kumpangia mke mahali pa usalama wiki inayofuata ni kumwachia hesabu ya kulipa.

Kinga ya huku ilipatikana kwa mbinu nyingine. Kampala, shirika la Raising Voices lilitengeneza mpango ulioitwa SASA!, kwa neno letu wenyewe. Wanaharakati wa kawaida wa mtaa, wake kwa waume, walizungumza na majirani kwa miaka kadhaa juu ya nguvu: nani anayo nyumbani, anaitumiaje. Jaribio lililofanyika kati ya 2007 na 2012 lilikuta kwamba mitaa yenye mpango ilikuwa na vipigo vya wenzi pungufu kwa asilimia 52 kuliko isiyo nao. Mitaa ilikuwa 8 tu, kwa hiyo makadirio ni mapana, lakini kinachovutia ni kwamba nafuu iliwafikia hata ambao hawakuhudhuria kikao chochote. Jirani aliyewahi kunyamaza alianza kubisha hodi.

Lini utajua

Husemwa kwamba polisi ni leo na afya ni kesho. Si kila mara. Philadelphia ilisafisha viwanja vilivyotelekezwa, ikapanda nyasi na kuweka uzio mfupi wa mbao. Kwenye mitaa maskini matukio ya bunduki yalishuka kwa asilimia 29, na kazi ya kiwanja kimoja ni ya siku chache. Huo ni mpini wa pampu uking'olewa. Upande wa pili kuna Monrovia, Liberia, ambako wanaume 999 walioishi kwa wizi na kuuza dawa waliingizwa kwenye jaribio. Baadhi walipata wiki 8 za tiba ya kubadili fikra na mwenendo, wakiongozwa na watu waliokuwa zamani kama wao: kunyoa, kuvaa vizuri, kuingia benki bila kufukuzwa, kuhesabu hasira kabla ya kuijibu. Baadhi walipata dola 200. Baadhi vyote viwili. Pesa peke yake ilififia, na tiba peke yake nayo kwa kiasi kikubwa ikafifia. Miaka 10 baadaye, waliopata vyote viwili bado walikuwa wakifanya uhalifu na ukatili pungufu kwa karibu nusu. Hakuna meya ambaye muhula wake unangoja jibu la namna hiyo.

Linabaki suala la jina la mgonjwa. Tangu 2023 sheria ya England na Wales inazilazimisha polisi, halmashauri na huduma za afya kupanga pamoja namna ya kuzuia ukatili mkubwa, na pamoja maana yake ni taarifa kupita mlangoni. Wauguzi wengi wana wasiwasi, na wana haki. Mgonjwa akihisi kwamba kitanda ni tawi la kituo cha polisi, kidonda atakifunga nyumbani kwa kitambaa. Cardiff walilitatua kwenye dirisha la mapokezi: karani huuliza wapi, lini, kwa silaha gani, na utambulisho wa mgonjwa huondolewa kabla ya taarifa kutoka hospitalini. Polisi wanapata kona ya mtaa na saa, basi.

Na wale watatu wa kwenye korido? Huko Oakland, California, tangu 1994 kuna watu wanaoitwa hospitalini kwa ajili yao. Mwanzilishi alikuwa kijana aliyepigwa risasi mwenyewe na kubaki kwenye kiti cha magurudumu, akikumbuka rafiki zake walivyomzunguka kitandani wakitaka jina la mpigaji. Mfanyakazi wa mpango huu hufika mapema, siku za mwanzo za kulazwa, hana beji ya polisi. Huongea na majeruhi, kisha na waliomleta, juu ya usiku ule na juu ya nani watamzika wakienda kulipiza. Baadaye hutafuta mahali ambapo kijana atalala akiruhusiwa, maana mara nyingi mtaa wake ndio uliompiga.